Anakojoa vizuri chooni lakini chupi haikauki: ureta iliyotokea pasipo pake

Swali: Shikamoo dokta. Nina binti wa miaka 6, yuko darasa la kwanza. Tangu nimtoe nepi hajawahi kuwa mkavu. Chooni anaenda vizuri tu kama wenzake, anakojoa mkojo mwingi kabisa, ila ukimwangalia baada ya nusu saa chupi imeshalowa, mchana na usiku. Dawa za UTI nimempa mpaka nimechoka, shuleni wanamwita kikojozi, bibi yake anasema nimemdekeza. Juzi tumepiga ultrasaundi hapa Kahama wakasema figo ya kushoto ina mifumo miwili na ureta ya juu imetanuka, eti kazaliwa nayo. Hii kitu inatokeaje? Mimba ikiwa changa niliumwa malaria nikameza dawa, na udongo nilikula sana. Ni mimi nimemharibu mtoto? Na je akikua ataweza kuzaa?

Marahaba mama. Swali lako nimelisoma mara mbili na sehemu iliyonigusa kuliko zote ni hiyo ya kuuliza kama ni wewe umemharibu mtoto, kwaiyo naanzia hapo kabla ya mambo ya vipimo: hapana, hukumharibu. Sisemi hivo kukufariji tu, nitakueleza kwanini nasema hivo, na ukimaliza kusoma utaona mwenyewe kwamba hii kitu ilijipanga mimba ikiwa changa mno, wanawake wengi muda huo wanakuwa bado hata hawajapima.

Na la pili nalisema mapema ili bibi yake naye alisikie. Mtoto wa kike anayeenda chooni akakojoa mkojo wa kutosha kama kawaida, alafu bado anatona tona masaa yote, na hajawahi kuwa mkavu hata siku moja tangu azaliwe, huyo usimchape, usimnyime maji ya kunywa jioni, usimpeleke kuombewa ukaishia hapo. Huyo mpeleke atafutwe ureta inayotokea nje ya kibofu. Ni kati ya vitu ambavyo mama akikueleza vizuri, unakuwa umeshajua ugonjwa nusu kabla hata hujamgusa mtoto, na wewe umeeleza vizuri sana.

Tuelewane maneno kwanza maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Tukisema "mrija wa mkojo" wengine wanamaanisha ule wa kutoka kwenye kibofu kwenda nje, wengine wanamaanisha ule wa kutoka kwenye figo kushuka kwenye kibofu, na nimeona wazazi wanatoka kliniki wameshika karatasi hawajui mrija gani ndo mbovu. Kwaiyo hapa ureta ni ule wa juu, figo mpaka kibofu. Kila figo kwa kawaida ina mmoja, kwa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25 mpaka 30, mwembamba, na haumwagi mkojo kama bomba la mvua, unausukuma kwa kujikaza kidogo kidogo kama koo linavyosukuma chakula. Chini unaingia kwenye kibofu kwa kupita mshazari ndani ya ukuta wake, na huo mshazari ndo unaofanya kibofu kikijaa kiubane mrija mkojo usirudi juu. Ule wa kwenda nje nitauita njia ya nje, na kwenye njia hiyo ndo kuna msuli wa kubana mkojo. Huo msuli ukumbuke, tutaurudia.

Sasa inatokeaje. Mtoto akiwa na kama wiki 4 hivi tangu mimba itunge, yaani ni kidude cha milimita chache tu, mgongoni mwake kunakuwa na mirija miwili, kulia na kushoto, inayoshuka mpaka sehemu ambayo baadae itakuwa kibofu. Tunaiita mirija ya Wolff, kwa jina la Mjerumani Caspar Friedrich Wolff aliyeishi miaka ya 1700. Kwa upande wa chini wa kila mrija kunatoka chipukizi, fikiria mgomba unavyotoa chipukizi pembeni ya shina. Hilo chipukizi linapanda juu mpaka linakutana na bonge la seli ambalo linasubiri kuwa figo. Na hapa ndo panapopendeza, maana lile bonge peke yake haliwezi kuwa figo na lile chipukizi peke yake haliwezi kuwa kitu, ni mpaka vikutane. Bonge linatoa ishara ya kemikali inaitwa GDNF, chipukizi lina kipokezi chake kinaitwa RET, linaifuata ile ishara, likifika linaanza kugawanyika matawi, tawi linatoa matawi, na kila ncha ya tawi inaliamsha bonge litengeneze vichujio vya figo. Shina la chipukizi ndo linabaki kuwa ureta. Kwaiyo ureta na figo ni ndugu wa tumbo moja, ukiona ureta imekaa vibaya lazima uulize na figo yake ikoje, na chipukizi lisipotoka kabisa mtoto anazaliwa bila figo upande huo.

Mwili pia una breki. Kuna ishara nyingine, SLIT2 na ROBO2, kazi yake ni kuizuia ile GDNF isisambae juu sana, ili chipukizi litoke sehemu moja tu na mahali panapotakiwa. Kwenye panya waliozaliwa bila hizo breki wataalamu waliona machipukizi yanatoka kadhaa badala ya moja. Hapo ndo mwanzo wa stori ya binti yako: upande wa kushoto yalitoka machipukizi mawili, ndo hiyo "mifumo miwili" mliyoambiwa, yaani figo moja yenye sehemu mbili, ya juu na ya chini, kila moja na ureta yake. Lingekuwa moja likagawanyika njiani angekuwa na ureta yenye umbo la Y, juu mbili chini moja, na watu wengi wanazeeka na hiyo bila kujua. Kwa ujumla figo yenye mifumo miwili, ya Y na hii ya ureta mbili mpaka chini ukizijumlisha, unaipata kwa karibu mtu 1 kati ya 100, kwaiyo mtaani kwako hapo Kahama kuna watu kibao wanatembea nayo. Shida ya binti yako haipo kwenye kuwa na ureta mbili. Ipo kwenye pale ureta ya pili ilipoishia.

Hapa naomba usome taratibu maana hata wanafunzi wangu huwa panawachanganya. Ungetegemea ureta ya sehemu ya juu ya figo iingie kibofuni juu, na ya chini iingie chini, si ndio? Ni kinyume. Inayotoka juu inaishia chini, inayotoka chini inaishia juu. Inaitwa kanuni ya Weigert na Meyer, Weigert alianza kuigusia mwaka 1877 na Meyer akaikamilisha miaka ya 1900, na mpaka leo daktari wa mkojo akishika picha ya mtoto mwenye mifumo miwili ndo kitu cha kwanza anachokumbuka.

Sababu yake ni hii. Kile kipande cha mwisho cha mrija wa Wolff, kutoka kwenye chipukizi mpaka kwenye kibofu, hakidumu, kibofu kinavyokua kinakimeza. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba kipande hicho kinageuka sehemu ya ukuta wa kibofu, tafiti za panya za miaka ya 2000 zikaonyesha seli zake zinakufa zenyewe zinaisha, lakini matokeo ni yale yale: chipukizi lililokuwa karibu na kibofu linafika mapema na linashushwa ndani ya kibofu, alafu kibofu kinavyotanuka linasogezwa juu na pembeni. Fikiria daladala kwenye foleni ya asubuhi. Wa kwanza kupanda anaambiwa sogea nyuma, sogea nyuma, mpaka anafika siti ya mwisho. Wa mwisho kupanda anabaki mlangoni. Na kuna yule aliyechelewa kabisa, gari linaondoka yeye hajaingia, ananing'inia nje. Ureta ya juu ya binti yako ilitoka mbali na kibofu, ikachelewa, gari likaondoka. Ikabaki imeng'ang'ania mrija wa Wolff wenyewe, na mrija ukaendelea kushuka nayo chini kupita kibofu.

Unashuka nayo mpaka wapi? Kwa mtoto wa kiume mrija wa Wolff unageuka mirija ya mbegu za kiume na mifuko yake, na hivo vyote vinafungukia JUU ya ule msuli wa kubana mkojo. Kwaiyo mvulana mwenye tatizo hili hili hatoni, yeye utamjua kwa UTI au kwa korodani kuvimba na kuuma mara kwa mara akiwa mdogo. Kwa mtoto wa kike mrija wa Wolff hauna kazi, unakauka, yanabaki mabaki tu pembeni ya uke ambayo tunayaita mabaki ya Gartner, na ureta iliyong'ang'ania huko inaweza kutoboka karibu kabisa na tundu la njia ya nje, au ndani ya uke, mara chache hata kwenye mfuko wa uzazi. Yaani CHINI ya msuli. Msuli wake ni mzima, kibofu chake ni kizima, ndo maana anabana na kukojoa chooni vizuri kama wenzake, mkojo huo unatoka figo ya kulia na sehemu ya chini ya figo ya kushoto. Ile sehemu ya juu ya kushoto ndo haina mlango wa kufunga, ikitengeneza tone linatoka, ikitengeneza tone linatoka. Hakuna adhabu wala mazoezi wala kumwamsha usiku yatakayozuia, maana hana cha kubana.

Ndo ujue pia kwanini vidonge vya kutuliza kibofu na vya kupunguza mkojo wa usiku, ambavyo watoto wengi wanaolowesha hupewa, kwa huyu havisaidii. Na usishangae ukikutana na mama mwingine akakwambia wa kwake usiku anakuwa mkavu kidogo alafu asubuhi akisimama tu anamwaga. Ureta ikiwa imetanuka sana mkojo unatuama humo akiwa amelala, akiinuka unashuka wote. Bado ni ugonjwa ule ule.

Sasa tuje kwenye malaria na udongo. Chipukizi linatoka wiki ya 4 kwenda ya 5 tangu mimba itunge, kwa hesabu ya kliniki ya kuanzia hedhi ya mwisho hiyo ni kama wiki ya 6 au 7, wewe ndo kwanza umeanza kuona siku zimepita. Dawa mseto ya malaria, ALu, haijaonekana kusababisha ureta kukaa vibaya, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri itumike hata kwenye miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu kinachotishia mimba zaidi ni malaria yenyewe isiyotibiwa. Ulivyomeza dawa ulimlinda huyu mtoto. Udongo sikusifii, unaleta minyoo, unazidisha upungufu wa damu, na mwingine unaouzwa sokoni una madini ya risasi, mimba nyingine ukija kliniki tutagombana kidogo kwa hilo, lakini udongo hausogezi chipukizi la ureta. Kinachoonekana ni kwamba inatembea kwenye ukoo. Mtu akiwa na mifumo miwili, kati ya ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake kama mmoja kati ya 8 naye unaikuta, wengi wao bila dalili yoyote. Kwaiyo inawezekana wewe au baba yake mnayo na hamjui, na hata hivo hakuna wa kulaumiwa kwa damu aliyozaliwa nayo. Kama ana mdogo wake au dada yake naye anasumbuliwa na mkojo au homa zisizoeleweka, apigwe ultrasaundi naye.

Hii ya kuchelewa kugundulika inaniuma, nisikufiche. Nimewahi kumpokea binti wa miaka 15 aliyeacha shule kwa sababu ya harufu, amevaa kanga tatu, na kila hospitali aliyopita aliandikiwa antibayotiki. Nimewahi kumpokea mama analia kwa sababu jirani kamwambia mtoto wake kachezewa. Hilo la kuchezewa tusilipuuze, mtoto akianza kulowesha ghafla wakati alikuwa mkavu, au ana michubuko, au anaogopa mtu fulani, lazima liulizwe kwa upole na kwa faragha. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuwa mkavu tangu azaliwe ni habari nyingine. Neno "tangu azaliwe" ndo ufunguo, ukifika kliniki lianze hilo kabla hujataja UTI, maana ukisema UTI kwanza utaandikiwa dawa za UTI.

Kuna kipimo rahisi ambacho hata hospitali ya wilaya inaweza kufanya na hakihitaji mashine. Wanaingiza kateta ndogo, yaani kimpira chembamba cha mkojo, kwenye kibofu, wanajaza maji yenye rangi ya bluu, methilini bluu, alafu wanaitoa na mtoto anavaa pedi nyeupe, anacheza kama saa moja hivi. Pedi ikilowa bluu, mkojo unatoka kwenye kibofu, tutafute sababu nyingine. Pedi ikilowa bila rangi, kuna mkojo unaotoka sehemu isiyopita kibofuni, na hapo tumeshajua. Kabla ya hapo daktari aangalie tu kwa macho, mtoto amelala mapajani kwa mama yake, taa nzuri, bila kumlazimisha. Ukisubiri kwa utulivu unaweza kuona tone linachomoza pembeni ya njia ya mkojo, unafuta, linachomoza tena. Daktari mwenye haraka haoni. Aangalie pia mgongo chini kwenye kiuno kama kuna kishimo, kinyweleo au uvimbe, aangalie miguu na kuuliza choo kikubwa, maana neva za mgongo zikiwa na hitilafu mtoto analowa pia, na mtoto mwenye choo kigumu kibofu chake kinasumbua. Na wapo mabinti ambao mkojo unaingia ukeni wakikojoa wamebana miguu, wakisimama unatiririka kidogo, hao unawafundisha tu kukaa vizuri wametanua magoti na inaisha.

Kwa binti yako ultrasaundi imeona ureta ya juu imetanuka, hiyo ni bahati, maana mara nyingi ile sehemu ya juu ya figo inakuwa imedumaa, ndogo, imejificha, na ultrasaundi inasema "figo zote kawaida". Chipukizi likitoka sehemu isiyo yake linaligonga lile bonge la seli pembeni badala ya katikati, kwaiyo figo inayotengenezwa hapo inakuwa dhaifu. Watu wawili, Mackie na Stephens, walilieleza hilo mwaka 1975 na bado tunalitumia. Kama kuna mzazi mwingine anasoma hapa na ultrasaundi ya binti yake anayetona imeandika "kawaida", au imeandika "figo moja haipo", asirudi nyumbani akatulia. Figo inayosemekana haipo wakati mwingine ipo, ni ndogo sana, iko chini nyongani na ureta yake inamwaga ukeni.

Kinachofuata kwako, omba rufaa. Ukiwa Kahama kwa hospitali za kanda utaelekezwa Bugando pale Mwanza, wengine wanaenda KCMC Moshi au Muhimbili, ila popote uendapo uliza kama kuna daktari wa upasuaji wa watoto au wa mkojo aliyezoea watoto. Wataomba picha inayoonyesha ureta yote kutoka juu mpaka inapoishia, MRI ndo nzuri zaidi kwa mtoto kwa sababu haina mionzi, isipopatikana CT skani ya mara moja yenye dawa ya kung'arisha inakubalika. Wataomba picha ya kibofu ya kuangalia kama mkojo unarudi juu, kwa sababu ile ureta ya chini iliyosogezwa siti ya nyuma mshazari wake ndani ya ukuta wa kibofu unakuwa mfupi, na mkojo unaweza kuwa unarudi kwenye figo. Na wataomba kipimo cha nyuklia kinaitwa DMSA, kinachoonyesha kila sehemu ya figo inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Hicho hakipatikani kila mkoa, panga nauli na muda. Wakati wa upasuaji wenyewe daktari huanza kwa kuchungulia na kamera kwenye njia ya mkojo na uke kulitafuta lile tundu, wakati mwingine linaonekana, wakati mwingine halionekani kabisa na hilo lisikutishe. Waangalie na figo ya kulia pia, maana hitilafu hii wakati mwingine inakuwa pande zote mbili.

Upasuaji uko wa aina mbili kubwa, na namba ya DMSA ndo inasaidia kuamua. Kama ile sehemu ya juu haifanyi kazi ya maana, inatolewa pamoja na ureta yake na sehemu ya chini ya figo inabaki. Kama bado inafanya kazi, ureta yake inaunganishwa kwenye ureta mwenzake iliyoingia kibofuni vizuri, kwa kidonda kidogo chini ya tumbo, ili mkojo wake nao upite mlangoni kama wa wengine. Kuna madaktari wanaopenda ya pili hata figo ikiwa dhaifu, kwa sababu huigusi figo kabisa, na mimi nakubaliana nao kwa watoto wengi, kwa sababu ukikata sehemu ya juu kuna hatari ndogo ya kuumiza damu inayolisha sehemu ya chini. Lakini ureta ikiwa imetanuka sana na figo haina kitu, kuitoa kuna maana. Muulize daktari wako anachagua ipi na kwanini, una haki ya jibu linaloeleweka. Na ujiandae kwa hili: mabinti wengi wanakuwa wakavu kuanzia zile siku za kwanza baada ya kateta kutolewa. Nimeona mama anamwamsha mtoto usiku wa manane wodini, anapapasa shuka, hajaamini, anapapasa tena.

Sio dharura ya usiku huu, una wiki hata miezi ya kujipanga, isipokuwa jambo moja. Mtoto akipata homa kali na kutetemeka, kutapika, au maumivu ubavuni kushoto, muwahishe hospitali siku hiyo hiyo, mkojo uchukuliwe uoteshwe maabara KABLA hajapewa antibayotiki, na uwaambie mapema kwamba ana ureta mbili na moja imetanuka. Mkojo uliotuama ukipata wadudu unageuka usaha haraka, na figo iliyoharibika haioti upya. Kwa sasa acha kumpa antibayotiki kila akilowa, kulowa kwake sio UTI. Ngozi mpake mafuta mazito ya kuzuia maji, badilisha pedi mara nyingi, maji anywe ya kutosha.

Umeniuliza inatokeaje mtoto anazaliwa na hitilafu za ureta, kwaiyo niziguse na nyingine kidogo kwa wengine wanaosoma. Ureta inaweza kuishia na kipuli kama puto ndani ya kibofu, ureteroseli tunaiita, mara nyingi nayo ni ile ya juu kwenye mifumo miwili na mabinti wanaongoza, inatobolewa kwa kamera. Inaweza kuwa nyembamba pale inapoanzia kwenye figo, ama kipande hicho misuli yake haikujipanga ikasukuma, ama mshipa wa damu umepita juu yake ukaibana, figo inavimba, wavulana wanaongoza na upande wa kushoto unaongoza. Upasuaji wake wa kukata kipande kibovu na kuunga ulielezwa na Anderson na Hynes wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1949 na bado ndo tunaoufanya, unafanikiwa zaidi ya mara 9 kati ya 10. Kuna inayotanuka yote mpaka chini, na wengi wa hao inapungua yenyewe mtoto akikua, tunawafuatilia tu. Na kuna ile inayopita nyuma ya mshipa mkubwa wa damu upande wa kulia, hiyo kiukweli ureta haina kosa, ni mshipa ndo ulijitengeneza vibaya, na watu wanaigundua wakiwa na miaka 30 au 40. Mjamzito akiambiwa ultrasaundi imeona figo ya mtoto tumboni imejaa maji asipaniki, nyingi zinaisha zenyewe, arudie mtoto akizaliwa akishapita siku mbili tatu maana siku ya kwanza mtoto ana maji kidogo mwilini na picha inaweza kudanganya. Isipokuwa akiwa mvulana na figo ZOTE mbili zimejaa na kibofu kimejaa, huyo asisubiri, kunaweza kuwa na kikwamo kwenye njia ya nje na kila siku inahesabika.

Na la mwisho uliloliuliza, kuzaa. Ndiyo, atazaa. Mfuko wa uzazi na mayai havitokani na mrija wa Wolff, vina njia zao, na mwenye figo zote mbili kama wako tatizo hili haliugusi uzazi. Wale ambao figo moja haipo kabisa ndo tunawapiga ultrasaundi ya mfuko wa uzazi wakikaribia kuvunja ungo, kwa sababu hapo wakati mwingine vinaathirika pamoja. Wa kwako siku akishika mimba amwambie mkunga kuanzia hudhurio la kwanza kwamba alifanyiwa upasuaji wa figo au ureta ya kushoto, mkojo upimwe kila hudhurio na presha iangaliwe, basi. Ile karatasi ya ultrasaundi ya Kahama na ripoti ya upasuaji itakayokuja usiziache hospitali, omba nakala, piga picha kwa simu, weka nyumbani kwenye mfuko mmoja na kadi yake ya kliniki, atakuja kuzihitaji miaka 20 ijayo na kuna uwezekano mkubwa faili la hospitali halitapatikana.